Binti kavuka mstari wa nne, kwenye karatasi kawekewa 27. Wajuvi wa vyombo vya matanga naomba kueleweshwa

#1 Baba Wawili
Wakuu habari za jioni. Naenda moja kwa moja.

Binti yangu ana miaka 12, huu mwaka wa pili anaendesha vile vidau vya tanga moja vinaitwa Optimist. Wikiendi iliyopita walikuwa na mashindano ghuba ya Msasani, watoto 26, siku mbili, resi tano. Klabu naiacha jina, sijaja kumchafua mtu. Resi ya tatu nimeiangalia kwa macho yangu: kavuka mstari wa mwisho akiwa wa nne. Mama yake shahidi, muuza madafu shahidi.

Jioni wanabandika matokeo, naona wa nne kaandikwa mtoto mwingine. Wangu kawekewa 27. Watoto 26, yeye 27! Hata aliyepinduka mara mbili akamaliza wa mwisho kapata 24.

Pembeni ya hiyo 27 kuna herufi tatu, ila kuna mtoto kapitisha kidole kibichi, wino umetambaa. Inayosomeka kidogo ni ya mwisho, ina tumbo la duara. Inaweza kuwa C, D, Q, hata S. Nimeuliza, nimejibiwa "ni kanuni, mzee". Kanuni gani? Na nasikia resi mbovu moja hufutwa. Mbona hii haikufutwa?

#2 Kikongwe
Natandika mkeka. Nani ana kashata?

#3 Mnyonge wa Mbagala
Watoto 26 halafu unakuwa wa 27, maana yake hata boya limempita.

#4 Goshi na Demani
Pole mkuu. Hiyo 27 si nafasi. Kwenye hesabu ya pointi za chini, wa kwanza anapata 1, wa pili 2, hivyo hivyo mpaka chini, na mwenye jumla ndogo ndiye bingwa. Ambaye hakuja, hakumaliza, au kaondolewa, anapewa idadi ya walioandikishwa jumlisha moja. Walioandikishwa 26, kwa hiyo 27. Mtoto wako kaondolewa kwenye resi, suala ni kwa kosa gani.

Mimi naona OCS, ile S ndiyo tumbo lako. Maana yake kengele ya kuanza imemkuta omo, yaani pua ya kidau, iko upande wa pili wa mstari, na hakurudi. Ukiwahi kuanza halafu usirudi, hata ukimaliza wa kwanza ni bure.

#5 Baba Wawili
@Goshi na Demani asante. Lakini nimemuuliza, anasema hakuna aliyemwita. Hakusikia honi ya ziada wala hakuona bendera ikipanda. Sasa angerudije?

#6 Afisa Kipyenga
Mimi huwa najitolea kwenye boti ya kamati, si hao wa kwenu, kwa hiyo sitetei mtu.

Akiwahi mmoja au wawili, kamati inapandisha bendera X, nyeupe yenye msalaba wa bluu, na honi moja. Inakaa mpaka wote waliowahi warudi, lakini haizidi dakika nne tangu kuanza. Sasa sikilizeni vizuri: hiyo X haipandi kila mara. Inategemea dakika nne kabla ya kuanza ilipandishwa bendera gani.

Utaratibu uko hivi. Dakika tano, bendera ya daraja, yaani ya aina ya vidau vinavyoshindana. Dakika nne, bendera ya maandalizi. Dakika moja, ya maandalizi inashuka na honi ndefu. Sifuri, ya daraja inashuka, mnaondoka. Hiyo ya maandalizi ndiyo yenye siri. Ikiwa P, bluu yenye mraba mweupe katikati, ni kuanza kwa kawaida, ukiwahi unaitwa kwa X. Ikiwa U, miraba minne nyekundu na nyeupe, basi dakika ya mwisho yote usionekane ndani ya pembetatu ya mstari na boya la kwanza. Ukionekana unaandikwa, huitwi na mtu. Unamaliza resi yako kwa furaha, jioni unakuta UFD.

Muulize mtoto aliona rangi gani.

#7 Zee la Kunduchi
Vijana wa sasa mna mambo. Sisi ngalawa tunajipanga mchangani, mtu anapuliza baragumu, tunasukuma. Aliyetangulia katangulia.

#8 Mnyonge wa Mbagala
@Zee la Kunduchi na aliyemkata mwenzake foramali?

#9 Zee la Kunduchi
Huyo wanamalizana kwake jioni.

#10 Baba Wawili
Nimemuuliza. Anasema nyekundu na nyeupe.

#11 Afisa Kipyenga
Basi kesi imekwisha. U. UFD. D ndiyo yenye tumbo.

#12 Bint Bahari
Haijaisha hata kidogo. Nimeendesha Optimist toka nina miaka 8 mpaka mwaka niliotimiza 15, ukomo wao ndio huo, sasa niko ILCA 6, kidau kikubwa zaidi cha mtu mmoja. Bendera nyekundu na nyeupe ziko mbili wanazoziona kila siku. U ni miraba minne. Ile ya kuahirisha ni mistari ya kusimama. Agosti hii kusi linatoka juu ya rasi, linapita kwenye majengo na miti, linafika ghubani limekatika vipande vipande. Mstari unakaa sawa dakika tatu, halafu upepo unahama. Kamati inaahirisha kila mara. Mtoto aliyekaa saa nzima majini ameziona zote mbili.

Mwambie achore, usimuulize rangi.

Tena kanuni za sasa za World Sailing, shirikisho la dunia la matanga, toleo la 2025 mpaka 2028, zinaangalia gamba la chombo tu. Zamani hata tanga au mkono ukizidi mstari ulihesabika. Kama kuna mtu wa kamati kazoea ya zamani, anaweza kumwandika mtoto ambaye omo yake haijagusa mstari.

#13 Goshi na Demani
@Bint Bahari kweli kuhusu gamba, limebadilika tangu 2021. Lakini kwa Optimist ni hoja ndogo. Chombo kina mita 2.3, omo imekatwa bapa kama sanduku. Kitu gani kitatangulia mbele ya hilo sanduku?

#14 Bint Bahari
Tanga likilegea upepo ukitoka nyuma, ule mti wa chini unakwenda mbele kabisa. Umesahau, mzee wangu, au hujawahi kukaa humo?

#15 Goshi na Demani
Kilo 85 nikae humo? Nyamaza.

#16 Mama Kapteni
Baba Wawili, pole. Mimi mwanangu aliwahi kuwekewa pointi za ajabu, ikaja kurekebishwa, kwa hiyo usikate tamaa.

Yeye alisimama kumsaidia mwenzake. Mlingoti wa yule mtoto ulichomoka pale kwenye tundu, chombo kikajaa, mtoto analia. Wangu akatupa ile kamba inayoelea, si unajua kila Optimist lazima iwe na kamba ya mita 8 imefungwa pale mlingoti unaposimama, akamshika mpaka boti ya uokozi ikafika. Kamaliza wa 19. Kanuni ya kwanza kabisa kitabuni ni hiyo, kumsaidia aliye hatarini, na aliyesaidia anaruhusiwa kuomba afidiwe. Tukajaza fomu, akaitwa, akaeleza kwa Kiswahili chake cha kurukaruka, wakampa wastani wa resi zake nyingine.

Ila muda! Fomu ina saa zake. Maelekezo ya mashindano yasiposema vingine, ni saa mbili tangu chombo cha mwisho kimalize. Wewe ulikaa pale mpaka saa ngapi?

#17 Baba Wawili
Tuliondoka saa kumi na mbili kasoro kukwepa foleni. Matokeo nilipiga picha nikienda kwenye gari.

#18 Mnyonge wa Mbagala
Ulikwepa foleni ya saa mbili, ukakutana na foleni ya maisha.

#19 Afisa Kipyenga
@Mama Kapteni sahihi. Ila muda huongezwa kukiwa na sababu ya maana. Foleni ya Mwenge sidhani kama imeandikwa humo.

#20 Baba Wawili
Amechora. Ni miraba. Kasema kwa maneno yake: "kama drafti".

#21 Afisa Kipyenga
Mnaona sasa? U.

#22 Bint Bahari
Drafti mkuu? U ina miraba minne tu. Yenye miraba mingi kama drafti ni N, bluu na nyeupe, ya kuvunja resi. Mtoto kachanganya zote tatu. Kachora miraba mingapi?

#23 Baba Wawili
Kumi na miwili. Lakini karatasi iliisha.

#24 Kikongwe
Nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta.

#25 Msafiri wa Kigamboni
Mwanangu alikuwemo kwenye resi hiyo hiyo, kamaliza wa 15. Simulizi yake ni nyingine. Anasema resi ya tatu ilianzishwa mara tatu. Mara ya kwanza na ya pili wote walirudishwa, ile bendera ya pembetatu ya njano na honi mbili. Maji yalikuwa yanawasukuma kwenye mstari, kundi zima likavuka. Mara ya tatu ikapanda bendera NYEUSI.

#26 Goshi na Demani
Sasa mambo yamekuwa mazito.

Bendera nyeusi na U ni ndugu, ila nyeusi haina huruma. Ukikamatwa kwenye U halafu kundi lote likarudishwa, kosa lako linafutika, unaanza upya na wenzako. Ukikamatwa kwenye nyeusi, umetoka, hata resi ikianzishwa upya huruhusiwi kushiriki. Na kamati lazima ioneshe namba za waliokamatwa kabla ya ishara ya onyo ya kuanza tena. Wanaandika kwenye ubao, wanautundika nyuma ya boti.

Baba Wawili, muulize kama aliona ubao.

#27 Baba Wawili
Anasema ubao ulikuwepo, wenye namba, ila alikuwa mbali anafua maji, anayatoa chomboni. Alidhani ni namba za mwelekeo wa boya.

#28 Goshi na Demani
Uuwi.

Basi hii ndiyo tafsiri yangu ya pili, ile ya OCS naiacha. Alikamatwa kwenye bendera nyeusi, wakarudishwa wote, namba yake ikatundikwa, hakusoma, akaanza tena na wenzake na kuvuka wa nne. Kitabu kinasema aliyekatazwa akishiriki, kuondolewa kwake hakufutiki kwenye hesabu ya jumla. Ndiyo maana 27 yake imebaki. Yote mawili yamejibiwa.

#29 Msafiri wa Kigamboni
Ngoja kwanza. Mwanangu kasema nyeusi ilipanda mara ya TATU, na mara ya tatu ndiyo resi ilikwenda. Hakuna kurudishwa baada ya nyeusi. Ubao wa namba utakuwa ulitoka wapi?

#30 Goshi na Demani
Mwanao ana miaka mingapi?

#31 Msafiri wa Kigamboni
Tisa. Lakini anajua kuhesabu mpaka tatu.

#32 Afisa Kipyenga
@Goshi na Demani pia kutofutika kuna herufi zake, mara nyingi huandikwa DNE. E haina tumbo.

#33 Goshi na Demani
E iliyopitiwa na kidole kibichi inaweza kuwa chochote, ndugu yangu.

#34 Zee la Kunduchi
Mimi naomba kuuliza swali la kitoto. Hiki chombo kikipishana na ngalawa inayotoka Bongoyo na samaki, nani ampishe nani? Maana siku hiyo kuna vidau vilinikatiza, kitoto kinanipigia kelele "stabodi! stabodi!" Nikamjibu stabodi ni mjomba wako.

#35 Bint Bahari
😂 Shikamoo babu. Wao kwa wao, mwenye upepo unaoingia kushoto ampishe mwenye upepo wa kulia, na anayepiga ukelele huo anamaanisha yeye ndiye wa kulia. Wakiwa upande mmoja, aliye joshini, unakotoka upepo, ampishe aliye demani, unakoelekea. Aliye nyuma ampishe wa mbele.

Lakini kwako wewe kanuni zao za mashindano hazina kazi. Chombo cha resi kikikutana na kisichoshindana kinafuata kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini, zile za 1972.

#36 Mama Kapteni
Na wavuvi wana haki ya njia, kwa hiyo kitoto kilikosea.

#37 Bint Bahari
Nusu. Mvuvi ana haki akiwa anavua kwa zana zinazomzuia kugeuka, nyavu au kamba ndefu ziko majini. Akiwa anarudi na samaki ndani, ni chombo cha tanga kama chombo kingine. Babu, ulikuwa umetega?

#38 Zee la Kunduchi
Nilikuwa nawahi mnada.

#39 Kikongwe
Shahidi amejikaanga mwenyewe.

#40 Mnyonge wa Mbagala
Turudi kwa mtuhumiwa. Mleta uzi, unasema resi uliiangalia "kwa macho yako". Ulikuwa wapi? Kutoka mchangani huwezi kuona nani wa nne, vidau vyote vinafanana kama maandazi.

#41 Baba Wawili
Nilikuwa kwenye boti ya rafiki yangu, karibu na boya la pili. Tulikaa mbali kidogo, hatukumzuia mtu.

#42 Mnyonge wa Mbagala
Mlikaa kimya?

#43 Baba Wawili
Nilimwambia tu "bisha mama, bisha sasa, upepo umehama", yaani ageuze chombo. Kama mzazi.

#44 Afisa Kipyenga
😳

#45 Goshi na Demani
Mkuu. MKUU.

Kuna kanuni ya msaada wa nje. Chombo hakipokei msaada kutoka nje isipokuwa mtu anaumwa, ameumia au yuko hatarini, au habari iko wazi kwa wote, au imetoka bila kuombwa kwa mtu asiye na maslahi. Wewe ni baba yake! Maslahi gani tena zaidi ya hayo?

Q ina tumbo pia. DSQ, kuondolewa kwa kosa.

#46 Mama Kapteni
Jamani msimtishe. DSQ kwa jambo kama hilo haiandikwi tu mezani, lazima pingamizi liandikwe na kusikilizwa. OCS, UFD na BFD, ile ya bendera nyeusi, ni kati ya zinazoandikwa bila kikao. Mtoto aliitwa?

#47 Baba Wawili
Hakuitwa na mtu.

#48 Afisa Kipyenga
Hawakuiti kwa simu. Wanabandika ubaoni: pingamizi namba fulani, wahusika fulani, chumba fulani, saa fulani. Asipotokea, kikao kinaweza kuendelea bila yeye. Na wewe ulikuwa Mwenge.

#49 Baba Wawili
Nilikuwa bado Mikocheni.

#50 Kikongwe
Tofauti kubwa sana hiyo.

#51 Bint Bahari
Na kama ni mtoto mwenzake aliyepinga, alipaswa kupiga ukelele wa kupinga pale pale majini. Vyombo vifupi kuliko mita 6 havihitaji bendera nyekundu, sauti inatosha. Binti alisikia mtu akisema "Protest"?

#52 Baba Wawili
Anasema kuna mmoja alimfokea "napinga!" karibu na boya, akadhani anatania.

#53 Afisa Kipyenga
"Napinga" haihesabiki. Kitabu kinataja neno lenyewe.

#54 Bint Bahari
Soma utangulizi wa kitabu, kaka. Ukelele unaotakiwa na kanuni unaruhusiwa kwa lugha isiyo Kiingereza, mradi ni busara kutegemea kwamba vyombo vyote vinavyohusika vitaielewa. Kiingereza kinakubalika wakati wote, lakini si hicho peke yake. Ghuba ya Msasani, watoto wa Dar, "napinga" nani asiyeielewa?

#55 Afisa Kipyenga
Kuna watoto wageni mle ambao Kiswahili chao kinaishia "mambo poa".

#56 Bint Bahari
Vyombo vinavyohusika. Ni yeye na binti.

#57 Afisa Kipyenga
Hapo kikao kingeamua, si mimi wala wewe.

#58 Msafiri wa Kigamboni
Wanangu, lile swali la pili limesahaulika. Mbona 27 haikufutwa? Mwanangu resi yake mbaya imewekewa mabano, kwa hiyo ufutaji ulikuwepo. Baba Wawili, tupe pointi za resi zote.

#59 Baba Wawili
27, 9, 27, 6, 8. Jumla wameandika 50.

#60 Mnyonge wa Mbagala
Una 27 MBILI na ulikuwa unalia na moja?

#61 Baba Wawili
Ile ya kwanza naijua. Jumamosi asubuhi tulichelewa, daraja lilifungwa kwa msafara. Tulifika wenzao wako boya la kwanza. Kwa hiyo hakushiriki, sina neno.

#62 Goshi na Demani
Basi nafuta maneno yangu ya #28, yale ya kutofutika. 27, 9, 27, 6 na 8 jumla yake ni 77. Wametoa 27 moja, imebaki 50. Mtu akiwa na pointi mbaya mbili zinazolingana, inafutwa ile ya resi iliyotangulia. Imefutwa ya msafara.

#63 Msafiri wa Kigamboni
Kwa hiyo angewahi asubuhi, angekuwa na resi moja tu mbaya, nayo ingefutika.

#64 Kikongwe
Mtoto kahukumiwa na foleni, jioni foleni ikamnyima rufaa.

#65 Afisa Kipyenga
Bado nasema UFD.

#66 Msafiri wa Kigamboni
Na mimi bado nasema bendera ilikuwa nyeusi. Nimemuuliza tena akiwa anakula, hajabadilisha.

#67 Bint Bahari
Mimi naongeza moja halafu nalala. NSC. C ina tumbo kubwa kuliko zote. Ni ya aliyemaliza bila kuzunguka njia yote, kaliacha boya upande usio wake, au kapita lango kwa kinyume. Hii kamati inaandika bila kikao ikiona. Mkuu, uliposema "bisha sasa" ulikuwa boya la pili. Akakusikiliza, akabisha. Una uhakika hapo boya alilipita upande wake?

#68 Baba Wawili
Sasa umeninyima usingizi.

#69 Mama Kapteni
Nenda Jumamosi, peleka picha, muombe katibu wa mashindano akusomee karatasi yake. Ana nakala kavu. Na boti ya rafiki yako ibaki nyumbani.

#70 Baba Wawili
Nimemwambia binti Jumamosi tunakwenda kuulizia. Kanijibu twende mapema akafanye mazoezi, resi ya tatu hana habari nayo. Anachotaka ni upo mpya, kile chombo cha kufulia maji, ule wa zamani umepasuka mpini na alisema anafua maji kwa chupa iliyokatwa. Hilo mimi sikujua. Nani anajua wapi napata, na Jumamosi maji yanajaa saa ngapi?

#71 Zee la Kunduchi
Jumamosi bamvua. Yanajaa saa kumi jioni, asubuhi saa nne utakuta mchanga mtupu. Upo usinunue, kata dumu la lita tano, mpini uuache, funga kamba isipotee. Njoo nalo nikuoneshe pa kukata.